Lori Linalopita Mlangoni kwa Fundi

Ofisi ya Ugavi wa Makaa ya Maranda
Jumatatu, 3 Machi

Kwa Mama Tanuri,

Shikamoo, mama. Hatujaonana bado. Mimi ndiye mpangaji mpya wa safari za malori. Nimerithi meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na ramani ya ukutani iliyojaa pini: nyekundu ni watengenezaji wa makaa, za bluu ni wateja. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna pini ya bluu inayozimikiwa na moto. Nimeambiwa simu yako iliingia kwenye mashine ya kukandia unga na hutaki kusikia habari ya nyingine, kwa hiyo barua hii nampa dereva wetu Breki akuletee pamoja na mzigo.

Mama, nina habari njema. Nimegundua kwamba makaa yako tunayachukua kwa mtengenezaji wa ng'ambo ya mto, safari inayomla Breki mchana kutwa. Na mtaani kwako hapo hapo, karibu kiasi cha kusikia msumeno wake, yuko fundi seremala mwenye mashine ya kushindilia maranda yawe makaa! Cha ajabu zaidi, makaa yake fundi huyo tunayabeba kuyapeleka ng'ambo ya mto. Yaani malori yetu mawili yanapishana darajani, kila moja limebeba kile mwenzake anachokifuata. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhasibu akaja kuchungulia. Nilipomuuliza Breki imekuwaje miaka yote hii, alijibu kwamba yeye ni mshika usukani tu.

Basi kuanzia wiki ijayo makaa yako yatatoka kwa fundi huyo. Yatakufikia yakiwa na joto la mashine. Wala huna haja ya kunishukuru.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa Safari


Kiwanda cha mikate
Jumanne, 11 Machi

Mpangaji,

Marahaba. Lori lako limerudi kama lilivyokuja. Breki hana kosa, nimempa chai na mkate wa moto, akala, akaondoka na mzigo wake.

Kwa kuwa u mgeni nitakuambia mara moja na kwa upole, ule upole ambao wafanyakazi wangu wanasema sikujaliwa. Makaa ya fundi yule hayaingii kwenye tanuri langu. Yakikosekana ya ng'ambo nitachoma kuni. Zikikosekana kuni nitachoma viti. Hospitali inataka mikate kila asubuhi, na wagonjwa hawali pini za ramani.

Sababu usiniulize.

Mama Tanuri

N.B. Hicho kiti chenye mguu mfupi, kitilie kipande cha ubao chini. Ila usikiombe kwa fundi yule.


Ofisini
Jumatano, 12 Machi

Kwa Fundi Seremala,

Shikamoo. Nimepiga simu yako na kila nilichokuuliza ulijibu ndiyo, hata nilipouliza wewe ni nani. Kwa hiyo naandika.

Naona nimetia mguu mahali pasipofaa. Nilipanga makaa yako yaende kwa Mama Tanuri, jirani yako, naye amelirudisha lori zima na kuniandikia maneno yaliyonipandisha joto la masikio. Kama kuna jambo baina yenu naomba nilijue, maana mimi ndiye ninayewapangia safari na sipendi kuwa wa mwisho kujua.

Mpangaji


Karakana
Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu Mpangaji,

Marahaba. Umefanya vizuri kuandika. Masikio yangu yameliwa na msumeno. Kwenye simu nasikia mvumo tu, na nimeona kukubali kila kitu ndiyo njia fupi ya kumaliza mazungumzo.

Mama Tanuri ni dada yangu. Tumezaliwa tumbo moja, na mama yetu alipofariki ni yeye aliyenilea, akanipeleka kujifunza ufundi, akaninunulia randa yangu ya kwanza. Sasa ni miaka hatusemezani. Aliyekuwa kwenye meza yako kabla yako alilijua hilo. Malori kupishana darajani haukuwa uzembe, alikuwa anatusitiri.

Atakapokueleza sababu, na atakueleza maana hawezi kukaa na jambo, ujue ni kweli tupu. Usinitetee. Rudisha ratiba kama ilivyokuwa. Ila tazama mawingu, mwanangu. Lile daraja mvua kubwa halizivumilii, na mwaka huu mvua imekuja na hasira.

Fundi Seremala


Ofisini
Jumatatu, 17 Machi

Mama Tanuri,

Nisamehe. Nilijiona mjanja kwa kuwa nilisoma ramani, kumbe ramani haionyeshi watu. Ratiba imerudi kama zamani: makaa yako yatatoka ng'ambo, na Breki atapita mlangoni kwa fundi bila kusimama. Sitauliza chochote.

Kiti nimekitilia ubao. Hakiyumbi tena.

Mpangaji


Kiwanda cha mikate
Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Mtu akiniambia hatauliza ndipo ulimi unaponiwasha. Mjanja sana wewe.

Tanuri langu ni la kizamani. Moto unawashwa ndani yake, humohumo mkate unamoingia. Tunaliacha liwake mpaka matofali yashike joto, tunaondoa majivu, ndipo tunapanga mikate. Ulichochoma ndicho mkate unachokivuta. Hili mtu yeyote aliyekulia nyumbani kwetu analijua.

Zamani nilichoma vipande vya mbao vilivyobaki kwenye karakana ya mdogo wangu. Sikuwa nakagua. Ungekagua kitu kinachotoka kwa mtoto uliyemfuta kamasi? Siku moja vikaja vipande vyenye vanishi. Mikate ikatoka inanuka mlango mpya, na kabla sijajua, hospitali ilikuwa imeshaigawa. Watoto wa wodi wakatapika. Nilikwenda na aproni yangu, nikaomba radhi kitanda baada ya kitanda, na yupo mama mmoja aliyenigeuzia mgongo, nami nikaona ana haki.

Nikatoka pale nikaenda karakana. Nikamkuta anachonga mguu wa meza. Nikamweleza. Unajua alisema nini? Alisema, "Dada, moto unachoma kila kitu, wewe unatia chumvi tu." Kisha akacheka. Vanishi ningeisamehe, kila mtu hukosea. Ni kile kicheko.

Hospitali ilichukua muda mrefu kunirudia. Tangu hapo kila mzigo mpya nauchomea mkate mmoja kwanza, naula mwenyewe, nangoja mpaka kesho yake. Ndiyo maana nataka makaa ya mtu nisiyemjua. Nisiyemjua naweza kumkagua bila moyo kuniuma.

Haya, umeshajua. Kunywa maji ukalale.

Mama Tanuri


Ofisini
Jumatano, 2 Aprili

Fundi, shikamoo,

Ulisema nitazame mawingu. Daraja limefungwa tangu juzi, maji yamepita juu yake na wahandisi wanasema tusiwaulize lini. Makaa ya ng'ambo hayavuki. Iliyobaki ni njia ya mlimani, na Breki amekwenda kuichungulia akarudi anatikisa kichwa: tope tupu, lori lenye mzigo halipandi.

Nimemwandikia dada yako, nikamsihi akubali yako kwa muda tu. Jibu lake lilikuwa neno moja na unalijua. Breki anasema amemkuta anapasua meza kuukuu ya kukandia. Kuni zilizopo sokoni ni mbichi, zinatoa moshi kuliko moto. Akishindwa kupeleka mikate safari hii hospitali itatafuta mwokaji mwingine, na mara hii haitarudi. Watengenezaji wengine wote nilionao wako upande ule wa mto. Sina pa kumtolea makaa isipokuwa kwako.

Nifanyeje?

Mpangaji


Karakana
Alhamisi, 3 Aprili

Mwanangu,

Usiku kucha nimelifikiria. Nina viroba vitupu vya yule wa ng'ambo, vilibaki hapa mara ile Breki alipopakua kwa makosa. Njooni mchukue makaa yangu, myatie kwenye viroba vyake. Mwambie dada yangu lori limepita njia ya mlimani. Umbo la makaa yetu halitofautiani, mashine ni za aina moja.

Malipo mpelekee huyo wa ng'ambo au yatie kwenye boksi la msaada, sitaki hata senti. Nataka tanuri liwake tu.

Makaa ni safi, naapa. Vanishi haikanyagi hapa. Kazi za kupaka rangi nilishaziacha, na maranda nayachagua kwa mkono kabla hayajaingia mashineni. Lakini hayo usimwambie, ataona najisifu.

Fundi Seremala


Ofisini
Ijumaa, 4 Aprili

Fundi,

Nimekubali. Sijazoea kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mtu anayeniita mwanangu. Lakini nimewafikiria wale wa wodini wanaongoja kifungua kinywa, nikapiga moyo konde. Breki atapakia kesho. Naye ameahidi kufunga mdomo, jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya.

Mpangaji


Kiwanda cha mikate
Jumanne, 8 Aprili

Mwanangu Mpangaji,

Mzigo umefika, nashukuru sana. Breki amenisimulia safari ya mlimani: tope hadi magotini, magari yamekwama huku na huku, yeye akisukuma kwa bega. Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa. Nampongeza kwa kitu kimoja, pamoja na tope lote hilo lori lake limefika safi kama sahani ya wageni. Matairi yanang'aa. Huyo ni dereva anayejua kutunza chombo.

Makaa yanashika moto vizuri kuliko siku zote. Msalimie sana huyo wa ng'ambo. Muulize siku hizi anayakausha vipi.

Mama Tanuri


Ofisini
Jumatano, 9 Aprili

Fundi!

Tumefaulu. Hakugundua chochote. Amesifu makaa, amemsifu Breki, hata lori amelisifu kwa usafi. Barua yake naiambatisha ujionee. Nimeruka ofisini hadi mhasibu akaja tena kuchungulia. Tuendelee hivihivi mpaka daraja lifunguliwe.

Mpangaji


Karakana
Ijumaa, 11 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma barua yake. Nimeisoma tena. Unasema hakugundua? Huyu ndiye aliyekuwa akijua nimeiba sukari kabla sijafika kabatini.

Hebu muulize Breki kama aliliosha lori kabla ya kwenda kwake.

Fundi Seremala


Ofisini
Jumamosi, 12 Aprili

Fundi,

Aliliosha. Anasema hawezi kwenda kunywa chai kwa mama wa watu na lori chafu.

Tumekwisha.

Mpangaji


Kiwanda cha mikate
Jumanne, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa Breki akuletee wewe, si ofisini. Nimemwambia akisimama njiani namkatia chai.

Nilijua kabla turubai halijafunguliwa. Lori lililotoka mlimani na matairi yanayong'aa! Nilikuwa na nia ya kulirudisha. Mdomo nilishaufungua. Halafu nikaona wafanyakazi wangu wamesimama mlangoni wananitazama, na nyuma yao meza niliyoipasua, nikasema pakueni.

Nikawasha, nikachoma mkate mmoja kama kawaida yangu, nikajifungia stoo nao. Nilitaka unuke. Nakuambia kweli, nilitaka unuke ili nipate kuendelea kukasirika, maana hasira nimeizoea. Ulinuka mkate. Nikaula wote na machozi yakinitoka, nikatoka nikawaambia unga umeniingia machoni.

Sasa sikiliza. Huwa napanda juu ya paa kuanika magunia ya unga, na kutoka pale uwanja wako wote nauona. Nilikuona ulipovunja chumba cha vanishi. Nimekuona unavyokaa kwenye kigoda na ungo, unachagua maranda kama mtu anayechagua mchele wa harusi. Mwanzoni nilijiambia unanionyesha mimi. Lakini hujawahi hata mara moja kuinua kichwa.

Jambo jingine. Wewe unacheka ukiogopa. Ulicheka siku tunamzika mama, watu wakataka kukupiga, nikakuficha nyuma ya kanga yangu. Mimi ndiye pekee niliyejua kile si kicheko. Siku ile karakanani nilikuwa na hasira na watoto wa watu kichwani mwangu, nikasahau ninachokijua. Nina hamu na wewe, mdogo wangu. Nimekuwa nayo miaka yote, naisikia kila msumeno wako unapoanza asubuhi.

Lakini mimi makaa ya kujificha siyataki. Kuletewa makaa yako ndani ya kiroba cha mtu mwingine kumenikera kuliko vanishi. Kama makaa ni yako, yalete wewe, kwa miguu yako, kwenye viroba vyako. Yaliyopo yananitosha mpaka Alhamisi. Ijumaa alfajiri nisipokuona nitawaandikia hospitali watafute mwokaji mwingine, nami nitazima. Sikutishi. Nimechoka tu kuchomea mikate kwenye uongo, hata uwe uongo mzuri.

Mlango wa nyuma, ule wa kupokelea unga, utakuwa wazi.

Dada yako


Ofisini
Jumanne, 22 Aprili

Kwa Mama Tanuri na kwa Fundi Seremala,
(nakala mbili, Breki ampe kila mmoja ya kwake)

Wiki imepita sijapata barua ya yeyote. Breki naye amegoma kusema, ameketi kwenye lori anakula mkate na kutabasamu. Kama mmekasirika na mimi mna haki yote. Nilidanganya na nikashangilia. Lakini naomba mniambie jambo moja tu: hospitali ilipata mikate Ijumaa?

Mpangaji wenu


Kiwanda cha mikate
Alhamisi, 24 Aprili

Mwanangu Mpangaji,

Ilipata.

Naandika nikiwa kwenye meza mpya ya kukandia, niliyoitengeneza mimi, na dada amesimama nyuma yangu anasoma kila neno. Anasema mwandiko wangu bado ni wa kuku.

Alhamisi ile nilipakia mkokoteni. Niliandika jina langu kwenye kila kiroba kwa mkaa, herufi kubwa, hata asiyeona vizuri aone ni cha nani. Kisha nikaanza kuzunguka mtaa. Nikapita mlango wa nyuma, nikaendelea. Nikarudi, nikapita tena. Breki alinikuta naanza mzunguko mwingine, akashuka kwenye lori, akaushika mkokoteni upande wa pili, akaugeuza uelekee mlangoni.

Dada alikuwa ndani anachekecha unga. Nilipomwona nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia, nikajiambia basi, nimeliharibu tena. Yeye akaweka chekeche chini, akaja, akanishika haya masikio yasiyosikia, akasema maneno marefu kidogo. Sikuyasikia. Sikumwomba arudie.

(Anasema niandike kwamba aliniambia nimekonda. Nadhani yalikuwa zaidi ya hayo.)

Bado anachoma mkate wake mmoja kila nikileta mzigo. Mara hii aliukata katikati, akanipa nusu, tukakaa kwenye magunia tukaula mpaka ukaisha, tukaangaliana kusubiri nani ataumwa tumbo. Hakuna aliyeumwa.

Sasa nakuja kwenye kazi. Dada anasema usijilaumu, ila siku nyingine ukitaka kumdanganya mtu umnyime Breki sabuni. Na mimi nina ombi. Daraja likifunguliwa utataka kutupangia safari upya, najua, ndiyo kazi yako na unaipenda. Tafadhali tufute kwenye ratiba yako. Lori lipe watu walio mbali. Makaa ya tanuri hili nitayaleta mwenyewe, kila asubuhi, na nikichelewa dada atapanda juu ya paa kuniita, nami sitamsikia, itabidi aje mpaka mlangoni.

Ni mimi,
Mdogo wake Mama Tanuri